Kutoka hukumu ya Virginia 1640 hadi Obama: ukoo wa John Punch umefuatiliwaje?

#1 Karani Mstaafu

Wakuu, salaam.

Akitajwa Obama na Afrika, akili za wengi zinakimbilia Kogelo kwa baba yake. Sawa kabisa. Lakini Julai 2012 watafiti wa nasaba wa kampuni ya Ancestry ya Marekani walitoa ripoti kutoka upande ambao watu hawakuutazamia: upande wa mama, Stanley Ann Dunham, Mzungu wa Kansas. Walisema mama huyo naye ana Mwafrika kwenye ukoo wake, tena si wa juzi. Ni mtumishi aliyeitwa John Punch, aliyehukumiwa na Mahakama Kuu ya koloni la Virginia tarehe 9 Julai 1640.

Habari hii inazungushwa kwenye magrupu kwa mstari mmoja, "Obama ni kizazi cha mtumwa wa kwanza wa Marekani", basi. Mstari huo umebeba madai zaidi ya moja, na uzito wake haulingani. Kuna lenye hati, kuna lenye vinasaba, kuna ambalo limeshikiliwa na hoja tu. Ndiyo maana naleta uzi. Anayepinga apinge kwa hoja, vijembe tuwaachie wa jukwaa la siasa.

Naanza na kesi yenyewe, maana hiyo ndiyo imara kuliko yote.

Virginia ya 1640 ilikuwa koloni changa. Jamestown ilianzishwa 1607. Tumbaku ndiyo ilikuwa pesa. Mashambani wengi walikuwa watumishi wa mkataba: mtu analipiwa nauli ya meli kutoka Uingereza, anamtumikia aliyemlipia miaka minne, mitano, hata saba, kisha anakuwa huru. Waafrika walikuwa wachache. Kundi la kwanza linalojulikana, watu "ishirini na kitu", lilishushwa Point Comfort mwishoni mwa Agosti 1619 na meli iitwayo White Lion, likiwa limeporwa kutoka meli ya Kireno iliyopakia watu Luanda.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja, Hugh Gwyn. Watumishi wake watatu walitoroka wakaingia Maryland. Tarehe 4 Juni 1640 Gwyn aliiomba mahakama imruhusu awauze hukohuko Maryland, hasara iishe. Mahakama ikakataa. Ikasema huo ni mfano wa hatari, warudishwe, waadhibiwe wenzao waone.

Wakarudishwa. Hukumu ya 9 Julai: wote watatu viboko 30. Halafu Victor, aliyeandikwa Mholanzi, na James Gregory, Mskochi, wakaongezewa mwaka mmoja kwa bwana wao baada ya mkataba kwisha, na juu yake miaka mitatu ya kulitumikia koloni. Wa tatu ni John Punch, aliyeandikwa "negro". Huyu akaamriwa amtumikie bwana wake, au yeyote ambaye bwana wake atamkabidhi, kwa muda wote wa uhai wake, hapo au kwingineko.

Walitoroka pamoja na wakachapwa sawa. Wawili wakaongezewa miaka minne, mmoja akaongezewa maisha yote yaliyobaki.

Na hata hukumu hiyo imetufikia kwa bahati. Madaftari ya Mahakama Kuu yaliungua Richmond Aprili 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ukingoni. Tunachosoma leo ni nakala na muhtasari ulioandikwa na watu kabla ya moto.

Baada ya hapo John Punch anapotea. Hakuna hati ya ndoa, ya mtoto wala ya kifo. Naendelea, msiende mbali.

#2 Chapa Ilale

Mzee umekata patamu. Kama hana mke wala mtoto kwenye karatasi, huyo Obama kashukia wapi?

#3 Binti Makorora

Shikamoo mzee Karani. Nimeshavuta kigoda, endelea taratibu.

#4 Karani Mstaafu

Marahaba binti.

Chapa Ilale, swali lako ndilo lenyewe. Mtafiti wa nasaba hashuki kutoka kwa mtu mashuhuri wa kale kuja kwako. Anayeanzia juu atajikuta amejipachika kwa yeyote anayempenda, na Marekani imejaa miti ya ukoo ya namna hiyo, kila mtu babu yake mfalme. Unaanzia chini, kwa mtu aliye hai, unapanda kizazi kimoja kimoja, na kila pingili unaidai karatasi yake.

Wakapanda hivi. Obama, mama yake Stanley Ann Dunham, bibi yake Madelyn Payne (yule aliyemlea Hawaii), kisha Leona McCurry, kisha Margaret Belle Wright, kisha Frances Allred, kisha Anna Bunch. Angalieni, kuanzia Ann hadi Anna Bunch ni wanawake mfululizo, mama na binti, na kila mmoja anabadili jina la ukoo akiolewa. Ndiyo maana upande wa mama huwashinda wengi. Ukikosa cheti cha ndoa kimoja, kamba imekatika.

Hapa juu sensa inasaidia. Marekani walianza kuhesabu watu 1790, ila hadi 1840 walikuwa wanaandika jina la mkuu wa kaya tu. Wengine wote ni vijistari: wanaume wa umri fulani wangapi, wanawake wangapi. Ni sensa ya 1850 iliyoanza kumtaja kila mtu huru kwa jina. Kwa hiyo mwanamke aliyekufa 1845 anaweza kuwa amehesabiwa mara kadhaa maisha yake yote na jina lake lisionekane hata mara moja. Unahamia kwenye wosia, mirathi, mauzo ya ardhi, orodha za kodi.

Kutoka Anna unaingia kwa akina Bunch wanaume: baba yake Nathaniel, kisha Charles, kisha Samuel, kisha John Bunch watatu kwa kufuatana. Familia hii iko Virginia kwenye wilaya ya Louisa. Na hapa kuna jambo linalowapoteza wageni wa kazi hii. York ilizaa New Kent mwaka 1654, New Kent ikazaa Hanover 1720, Hanover ikazaa Louisa 1742. Mtu angeweza kukaa shamba moja vizazi vitatu na kumbukumbu zake zikawa kwenye ofisi tatu tofauti. Anayetafuta "walihama lini" anatafuta safari ambayo haikuwahi kuwapo. Baadaye ndipo uzao huu ulihama kweli, ukaenda magharibi, Tennessee, Arkansas, hadi Kansas.

John Bunch wa kwanza ndiye wa juu kabisa mwenye karatasi. Mwaka 1662 alipewa hati ya ardhi ekari 450, New Kent. Mtu huru, mwenye shamba.

Halafu ikaja 1705, ambayo kwangu ndiyo karatasi tamu kuliko zote kwenye ukoo huu. John Bunch mwingine, anayehesabiwa kuwa wa tatu, alitaka kumuoa Sarah Slayden, mwanamke wa Kizungu. Mchungaji wa parokia ya Blisland akagoma kuwafungisha. Kisa: sheria ya 1691 ilisema Mzungu akioana na Mwafrika, chotara au Mhindi Mwekundu, afukuzwe koloni ndani ya miezi mitatu. Na John Bunch aliandikwa "mulatto", yaani chotara.

Wakapeleka malalamiko Baraza la Gavana. Mwanasheria Mkuu Stephen Thompson akaombwa maoni, naye akajikuta kwenye kona. Kwa alivyoelewa, chotara ni mtoto wa Mwafrika na Mzungu. Sasa mtoto wa chotara na Mzungu naye ni chotara, au siye? Sheria ilikuwa haijasema. Mwaka huohuo, Oktoba, bunge la koloni likatunga sheria mpya likaziba tundu: mtoto, mjukuu na kitukuu wa Mwafrika wote ni chotara.

Sasa rudini kwa mtafiti. Anapanda ukoo wa Mzungu wa Kansas, anafika 1705, anakuta babu ameandikwa chotara na serikali yenyewe. Hapo lazima ajiulize, damu ya Kiafrika iliingia wapi, na kwa nani?

#5 Ja-Alego

Mzee, shukran kwa hii kazi. Mimi natoka Siaya. Kwetu ukoo ni wa baba, na ukitaja babu zako unataja wanaume hadi pumzi iishe. Kwa hesabu yetu Obama ni mtu wa Alego na maneno yameisha, hayo ya Virginia ni ya wajomba. Lakini niko na swali. Nilisoma kwamba walitumia DNA. Je, walimpima Obama?

#6 Karani Mstaafu

Hapana ndugu yangu, na hata wangempima isingewafaa. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana peke yake, kama mnavyotaja babu zenu. Ya Obama imetoka kwa baba yake, ni ya huko kwenu. Haiwezi kusema neno juu ya akina Bunch, kwa sababu yeye kwa Bunch anapitia wanawake.

Vipimo vya vinasaba vya jumla navyo havifiki. Ripoti inamweka John Punch kizazi cha 13 juu ya Obama. Kila kizazi unapanda, idadi ya wazazi inazidishwa mara mbili: wawili, wanne, wanane. Kizazi cha 13 nafasi ni 8,192. Punch ni mmoja kati ya hizo, na urithi wake umegawanywa nusu, nusu ya nusu, hivyohivyo mpaka huenda hakuna hata chembe moja iliyobaki kwa Obama. Mtu anaweza kuwa babu yako halali kabisa na usibaki na chembe yake.

Kwa hiyo waliangalia wanaume. Wapo wanaume wenye jina la Bunch walio hai leo, ambao karatasi zao zinapanda hadi kwa akina John wa Virginia, baba kwa mwana bila kupitia mwanamke. Kromosomu Y zao zikapimwa. Zikatoka kundi E1b1a, kundi linalotawala Afrika Magharibi na ya Kati, na kwa wanaume wa Kibantu hadi huku kwetu. Wengi wa wanaume hao ni Wazungu kwa sura, na kwa sensa za karne nzima. Ila babu yao wa kwanza kwa upande wa baba alikuwa Mwafrika, hapo hapana ubishi.

Kipimo hicho hakitaji kijiji wala kabila. Atakayekuambia kimeonyesha Punch ni wa ukoo fulani wa Angola au wa Kameruni, anakuuzia.

#7 Chapa Ilale

Sawa, tukubali kuna Mwafrika. Bado hujaniambia ni PUNCH. Yule ni Punch, huyu ni Bunch. Huku mtu akiwa Mwakasege na mwingine Mwakasenge tunawaita ndugu?

#8 Mwana wa Amu

Chapa Ilale ana haki ya kuuliza. Kwetu pwani ziko silsila za masharifu zilizoandikwa na kukaguliwa, na ziko za mtu kujipandisha ngazi baada ya kupata mali. Mjuzi wa nasaba humuuliza aliyeleta shajara kila jina limepokewa kutoka kwa nani. Sasa wewe Bwana Karani, jina la Punch kuwa baba wa Bunch umelipokea kwa nani?

#9 Karani Mstaafu

Swali la mtu aliyelelewa na wazee, Mwana wa Amu. Jibu ni kwamba hakuna karatasi inayosema John Bunch ni mwana wa John Punch. Haipo. Aliyewaambia ipo hajasoma ripoti. Waandishi wake wenyewe hawakudai hivyo. Walijenga hoja, wakampa bingwa wa fani hiyo wa Marekani, Elizabeth Shown Mills, aipitie.

Hoja yao inakaa hivi. Akina Bunch wametokana na mwanamume Mwafrika, vinasaba vimesema. Mwafrika huyo lazima alikuwa Virginia kabla ya 1662, maana John Bunch wa kwanza wakati huo ni mtu mzima anayepewa ardhi, kwa makadirio amezaliwa miaka ya 1630. Waafrika wa Virginia kipindi hicho ni wachache mno, na wengi wameandikwa kwa jina moja tu: Antonio, Maria, basi. Kati yao wote, anayejulikana kwa jina linalofanana na hilo ni mmoja. Tena Gwyn aliishi upande wa mto York, na New Kent imemegwa kutoka York. Wakati unaingiana, mahali panaingiana, jina linakaribiana.

Kuhusu P na B: karani wa karne ya 17 aliandika alichosikia, na mtu yuleyule kwenye daftari moja anaweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Peke yake hilo ni hoja dhaifu, nakubaliana nawe. Linapata nguvu kwa sababu limekuja na mengine.

Upande wa pili tuweke mizani. New Kent ni wilaya iliyochomwa: ofisi ya karani iliwashwa moto 1787, na kumbukumbu zilizopelekwa Richmond zikaungua 1865. Ukosefu wa Mwafrika mwingine aitwaye Bunch kwenye karatasi zilizobaki si uthibitisho kwamba hakuwapo kwenye zilizoungua.

Mimi ningechora hivi: kutoka Obama hadi John Bunch wa kwanza, mstari uliokolea. Kutoka Bunch kwenda Punch, mstari wa nukta. Magazeti ya 2012 yalichora wote kwa wino mmoja.

#10 Binti Makorora

Mzee, mimi kinachonitatiza ni hiki. Punch amehukumiwa maisha. Mtoto wa mtu wa namna hiyo anapataje ekari 450? Kwa nini hakuzaliwa mtumwa?

#11 Karani Mstaafu

Binti, hapo ndipo sheria inapoingia. Mwaka 1640 Virginia haikuwa na sheria iliyosema mtoto wa Mwafrika ni wa nani. Kwa desturi ya Kiingereza mtoto humfuata baba. Mwaka 1656 mwanamke aitwaye Elizabeth Key, baba Mwingereza, mama Mwafrika, alishinda kesi akawa huru, na hoja mojawapo ilikuwa hiyohiyo ya baba yake. Wenye mashamba wakaona watapoteza. Desemba 1662 ikatungwa sheria: mtoto atakuwa mtumwa au huru kwa kufuata hali ya mama. Kwa kalamu moja wakapata watumwa wa kuzaliwa shambani, na baba wa Kizungu wakaondolewa mzigo.

Sheria hiyo iliwafunga watoto wa wanawake wa Kiafrika. Iliwaacha watoto wa wanaume wa Kiafrika waliozaa na wanawake wa Kizungu, wengi wao wakiwa watumishi wa mkataba waliofanya kazi kwenye tumbaku ileile na kulala kwenye vibanda vilevile. Watoto wa namna hiyo walifungwa utumishi hadi utu uzima, kisha wakawa huru. Paul Heinegg, aliyechambua mamia ya familia za Waafrika huru wa Virginia na Carolina, alikuta kwamba nyingi zimetokana na mama Mzungu, tena kabla utumwa haujakomaa. Ndiyo sababu ripoti inamdhania mke wa Punch kuwa Mzungu. Jina lake hakuna aliyeliandika.

Kuna ujanja wa kikarani ambao wazee wa kodi ya kichwa mtauelewa haraka. Virginia ilitoza kodi kwa kichwa. Mwanamke wa Kizungu hakuhesabiwa, ila kuanzia 1643 mwanamke Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alihesabiwa, hata akiwa huru. Kwa hiyo unakuta orodha ya kodi, kaya ya mtu huru, na mke wake ameandikwa kichwa cha kulipiwa. Karani hakuandika rangi popote, lakini kwa kumtoza ameshaisema. Daftari la kodi limefichua wengi ambao vitabu vya kanisa vilinyamaza.

#12 Ja-Alego

Na hao Bunch wote wakawa Wazungu? Hakuna aliyebaki mweusi?

#13 Karani Mstaafu

Waligawanyika. Waliobaki Virginia, kizazi baada ya kizazi, wakawa wanaandikwa Wazungu, na ndio wa upande wa Obama. Kwenye familia ya mama yake kumbukumbu ya Mwafrika ilikuwa imefutika. Yalibaki masimulizi ya damu ya Cherokee, kabila la Wahindi Wekundu, simulizi la kawaida sana kwenye familia za Kusini zenye rangi isiyoelezeka. Wengine walishuka North Carolina na South Carolina wakaendelea kuandikwa chotara au watu huru wa rangi. Jina la Bunch liko pia kwa Wamelungeon, watu wa milima ya Tennessee mashariki.

Na wapo wanaomhusisha na ukoo huu Ralph Bunche, yule wa Umoja wa Mataifa aliyepata Nobel ya Amani 1950. Pingili zake ni za nukta zaidi kuliko za Obama, kwa hiyo sizishikii bango. Lakini huyu Bunche alipokuwa London 1937 alichukua masomo ya Kiswahili kwa Jomo Kenyatta, na mwaka uliofuata akaja Kenya. Nimelitupia tu hilo, halithibitishi lolote.

#14 Chapa Ilale

Mzee umenimaliza kwenye Punch na Bunch, nakunja mkeka. Limebaki moja: "mtumwa wa kwanza". Ulisema Waafrika walishushwa 1619. Hao walikuwa wageni waalikwa?

#15 Karani Mstaafu

Hawakuwa. Walinunuliwa kwa vyakula vya meli. Wengi wao kuna uwezekano mkubwa walitumikishwa maisha bila mahakama kuulizwa. Ila wengine walitoka. Antonio aliyeletwa 1621 na meli James baadaye akawa Anthony Johnson, akaoa, 1651 akapata ekari 250, na yeye mwenyewe akawa na watumishi. Mwaka 1655 mahakama ikamrudishia Mwafrika mwenzake, John Casor, amtumikie maisha. Mjukuu wake alipopata shamba Maryland mwaka 1677 aliliita Angola.

Kwa hiyo hali ya 1640 ilikuwa haijaganda. Ukisema Punch ni wa kwanza anayejulikana kuhukumiwa na mahakama ya Virginia utumishi wa maisha, uko salama. Ukisema mtumwa wa kwanza wa Marekani, Florida ya Wahispania ilikuwa na Waafrika watumwa tangu 1565, na Massachusetts iliuingiza utumwa kwenye sheria 1641, miaka kadhaa kabla ya Virginia. Kichwa cha habari kilihitaji neno "wa kwanza", wakalipachika.

#16 Mbongo wa Ohio

Wakuu, nimechelewa ila huu uzi umenikuta pazuri. Huku nilipo jirani yangu, mama mtu mzima, anadai babu yake alifika Virginia miaka ya 1600. Ameniomba nimsaidie kompyuta. Tumeanzia FamilySearch, tovuti ya nasaba ya bure, na maktaba ya mtaa inatoa Ancestry bila malipo ukiwa humohumo ndani. Tumepanda hadi mtu wa 1660 hivi. Kwenye tovuti ya Maktaba ya Virginia tumepata picha ya hati yake ya ardhi, ekari 300, mwandiko kama kuku kaparura. Chini kuna majina sita. Mama wa watu amefurahi, anasema hao ni wanawe, ameshawaingiza kwenye mti wa ukoo. Ni sahihi?

#17 Karani Mstaafu

Mzuie haraka, kwa heshima zote za mama mtu mzima.

Hao sita ni vichwa. Virginia ilikuwa na utaratibu tangu 1618: ukimgharamia mtu nauli kuja koloni, unapata ekari 50. Sita mara 50 ni 300, hesabu imekaa. Ni watu walioletwa, au waliodaiwa kuletwa: watumishi, Waafrika, pengine mke au ndugu, pengine mwenye shamba mwenyewe aliyesafiri mara mbili na kujihesabu mara mbili. Na haki hizo ziliuzwa mkono kwa mkono, kwa hiyo anaweza kuwa amenunua majina ya watu ambao hajawahi kuwaona. Hata mwaka wa hati si mwaka wa kufika; wengine walikaa na haki hizo miaka kadhaa ndipo wakaomba ardhi.

Jambo la pili, tarehe. Waingereza hadi 1752 walianza mwaka mpya 25 Machi. Hati ya Februari 1662 kwa kalenda yetu ni Februari 1663. Akiandika bila kurekebisha, atapata mtoto aliyezaliwa kabla ya harusi au shahidi aliyesaini akiwa kaburini.

#18 Mbongo wa Ohio

Duh. Kwa hiyo nimfutie wote sita?

#19 Karani Mstaafu

Usiwafute, wahamishe. Waandike pembeni kama majina yaliyo kwenye hati, pamoja na namba ya kitabu na ukurasa. Kisha angalia mipaka: hati hutaja majirani, kijito na mti wa alama. Chukua majina ya majirani hao uwatafutie wosia na kesi. Wana wa mtu mara nyingi huonekana kwa jirani kabla hawajaonekana kwao, kama mashahidi, wakwe au wadaiwa. Mwambie kwanza wilaya ni ipi, tuone kama karatasi zake ziliponea moto.

#20 Mbongo wa Ohio

Anasema Gloucester.

#21 Karani Mstaafu

Pole yake. Gloucester iliungua 1820, na zilizobaki ziliungua Richmond 1865. Anzeni na vitabu vya parokia, kisha orodha za kodi za 1782 na kuendelea, mpande kutoka hapo.